Aliye Chini ya Kiti cha Mfalme

Hornmere, siku chache baada ya sikukuu ya Mtakatifu Mikaeli

Kwa dada yangu Tidburga, Mama Mkuu wa watawa wa Selnes,

Pokea salamu, na heshima zote unazostahili kwa cheo chako na kwa makofi uliyonipiga utotoni. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, si kwa mkono wa Padri Dunna, ndiyo maana herufi zinayumba kama walevi wanaotoka harusini.

Habari ni njema. Tangu tumzike baba, nchi ya Wamere imetulia. Wale wazee waliotaka ufalme ugawanywe kati yangu na mdogo wetu Wilgar wamenyamaza, kwa kuwa Wilgar mwenyewe ameondoka. Amevuka bahari kwenda kwa Wafaranki, kujifunza mambo ya dunia. Ilikuwa ghafla. Upepo ulikuwa mzuri na nahodha hakutaka kungoja. Cuda, yule askari mkuu wa baba, ndiye aliyemsindikiza hadi pwani. Wilgar aliomba nikuage kwa niaba yake.

Ukumbi nimeutengeneza upya. Pale palipokuwa na udongo mtupu nimetandika mbao za mwaloni, na kiti cha enzi nimekihamishia katikati. Kila anayeingia anasifu. Ila una baridi, sijui kwa nini, maana moto tunauwasha mkubwa kuliko enzi za baba.

Nikuombe kitu kidogo. Nitumie maji ya baraka ya kisima chenu, na ikiwezekana kipande cha masalia ya mtakatifu wenu, hata kijinofu cha kidole. Si kwa jambo lolote. Ukumbi mpya unafaa kubarikiwa, basi.

Mdogo wako,
Hunfrith, mfalme wa Wamere

*

Selnes, sikukuu ya Mtakatifu Luka

Hunfrith mdogo wangu,

Kijinofu cha kidole! Unadhani mtakatifu wetu ni bata wa karamu, kila mgeni akatiwe chake? Maji nimekutumia mtungi mzima. Masalia yanabaki hapa.

Sasa nieleze vizuri habari za Wilgar, maana sijazielewa. Wilgar na bahari? Kitindamimba wetu, anayetapika hata akipanda mtumbwi wa kuvulia mikunga? Na njia ya pwani inapita hapa mlangoni kwangu. Amepitaje asiingie kunywa maziwa? Tangu akiwa mtoto hajawahi kupita Selnes bila kuniomba maziwa na kuniibia jibini. Hata ile siku shoka lako lilipomkata kidole mkicheza kupasua kuni, alikuja kwangu analia, mkono wa kushoto umefungwa kitambaa, na bado akaomba maziwa.

Ni meli gani? Nahodha nani? Nani amekwenda naye? Mimi ndiye niliyewalea ninyi wawili mama alipofariki, kwa hiyo usinijibu kama unavyowajibu wazee wa baraza.

Vaa sufu. Baridi ya ukumbi mpya ni ya mbao mbichi, zikikauka itaisha.

Dada yako,
Tidburga

*

Hornmere, siku ya Mtakatifu Martini, mwezi wa machinjo

Dada,

Mbao zimekauka. Baridi haijaisha.

Nikuambie jambo, na usilisome mbele ya watawa wako. Unajua ada yetu barazani: mfalme akisema neno, wazee hujibu kwa pamoja, "Na iwe!" Wiki iliyopita, mchana kweupe, nilisema neno la mipaka ya malisho, wakajibu. Kisha, wote walipokwisha kufunga midomo, mmoja akajibu tena. Polepole. Kutoka chini.

"Na iwe."

Wazee wakatazamana. Mzee Osmod, ambaye hapotezi nafasi ya utani hata msibani, akasema, "Mbao mpya hizo, bwana. Zina mwangwi kama tumbo la mkwe wangu." Tukacheka wote. Neno lililofuata nililisema kwa sauti ndogo, makusudi, nione. Safari hii sauti ile haikungoja wazee. Ilitangulia.

Mkono wa kiti changu una alama ya kiganja, nyeusi, ya masizi. Mtumishi anaifuta asubuhi, mchana ipo. Kiganja ni kikubwa kuliko changu. Pombe ya asali ikifika kwangu inakuwa na ladha ya moshi, lakini nikimpa jirani yangu aonje anasema ni tamu.

Maji yako Padri Dunna aliyanyunyiza kwenye mbao. Yalipenya kwenye nyufa, na sote tuliokuwepo tukasikia chini kitu kinameza, gudu, gudu, kama mtu aliyeshinda na kiu. Padri hataki tena kuingia humo.

Habari za meli muulize Cuda. Mimi sikuwepo pwani.

Niombee.
Hunfrith

*

Selnes, siku za kungoja Noeli

Mdogo wangu,

Hayo uliyoniandikia yamenitia baridi hata mimi niliye mbali. Nadhani mafundi wako wamefukua kaburi la wapagani wa kale. Babu zetu walijenga ukumbi pale kabla hawajajua msalaba, na nani ajuaye walichokifukia chini? Funga chakula siku za Ijumaa. Mlazimishe Dunna asome zaburi humo ndani, na akikataa mwambie nitamkumbusha mwenyewe kiapo chake.

Lakini nina habari ya kukuchangamsha. Wilgar ameandika! Mfanyabiashara Mfaranki, mwenye pua nyekundu na maneno mengi, ameileta barua na kudai alishwe. Mdogo wetu anakaa kwenye nyumba ya watawa karibu na mto wao mkubwa, na mtawa mmoja ndiye anayemwandikia. Anasema bahari ilimtesa, chakula chao ni kitunguu juu ya kitunguu, ila anashiba.

Salamu zako ziko mwishoni, nazinakili kama zilivyo: "Mwambie kaka kwamba niko hai na nalala vizuri. Habari hii itamgusa yeye kuliko watu wote. Muulize kiti kinamkaa vipi."

Mnataniana hata mkiwa mbali. Nimefurahi.

Dada yako,
Tidburga

*

Hornmere, siku mbili kabla ya Noeli

Ichome barua ile.

Ichome sasa hivi, kabla hujamaliza kusoma hii yangu. Huyo aliyeileta, mlimgusa? Mkono wake ulikuwa na joto? Alikula kweli chakula mlichompa, au alikigeuzageuza tu sahanini? Wilgar hajui kuandika, Dada, na pale alipo hakuna mtawa wa kumwandikia.

Jana sauti ilicheka. Osmod alikuwa amesimulia kichekesho.

Wafu wakianza kutuma salamu, usiwajibu. Ukimjibu mmoja umemfungulia mlango.

H.

*

Selnes, siku ya Watoto Watakatifu waliouawa na Herode

Hunfrith,

Mimi nilikuletea salamu za mtu mzima anayelalamikia vitunguu. Wewe umenijibu habari za wafu.

Nani amekuambia kwamba Wilgar amekufa?

Mfaranki alikula mikate yetu yote na akalewa. Alikuwa na joto, tena la kupita kiasi. Barua sikuichoma.

Niandikie kweli. Usiponiandikia nitakuja mwenyewe Hornmere, msalaba mbele na askofu nyuma, na nitakuuliza swali hili barazani, wazee wako wakisikia na huyo wa chini naye akisikia.

Tidburga

*

Hornmere, baada ya sikukuu ya Epifania

Dada Tidburga,

Nilimtuma Cuda amuue.

Wazee walikuwa wanazidi kumpenda. Kila akiingia ukumbini nyuso zinafunguka, na mimi nikiingia zinafungika. Nikamwambia Cuda, "Mpeleke msituni Askholt, kisha urudi peke yako." Hakuuliza swali. Alirudi na mzigo umefungwa ndani ya lile joho jekundu la Wilgar, na bizimu ya mama imebanwa kifuani. Uso ulikuwa umepondwa. Sikuthubutu kutazama zaidi. Mafundi walikuwa hawajatandika mbao, udongo uko wazi, nikasema azikwe pale, chini ya kiti changu. Nani atachimba hapo maadamu mimi nimekaa juu yake?

Barua yako ilipofika niliwafukuza watu wote ukumbini, nikabaki na Cuda na Padri Dunna. Ilikuwa adhuhuri, jua jembamba la theluji linaingia mlangoni. Tulipong'oa mbao, Dunna alikuwa analia tayari.

Hakuwa ameoza. Udongo wetu wa kinamasi unatunza kuliko kabati. Nywele zilikuwa nyeusi tii, na Wilgar unamjua, kichwa chake ni rangi ya shayiri iliyoiva. Dunna akakunjua mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa vyote.

"Cuda," nikasema, "huyu nani?"

Akapiga magoti. "Bwana, Wilgar nilimbeba mgongoni akiwa hajaota meno. Mkono ulikataa. Nilimvusha."

"Sikukuuliza habari za mkono wako. Huyu nani?"

"Mchoma mkaa tu, bwana. Tulimkuta msituni anakula. Ulitaka maiti, nikakuletea maiti."

"Jina lake?"

Akanitazama kama aliyeulizwa jina la kuku. "Sasa bwana, mtu anauliza jina la mchoma mkaa?"

Hapo, Dada, nilicheka. Sitakuficha. Mzigo wote ulinidondoka mabegani: kumbe sikumuua ndugu yangu! Kumbe ni mchoma mkaa tu! Nilicheka hadi nikashika ukuta. Kisha nikaacha.

Kicheko hakikuacha. Kiliendelea mle shimoni, kwa sauti yangu mimi, na midomo ya yule maiti imefungwa.

Mikono yake ni myeusi hadi viwikoni. Dunna aliiosha kwa maji yaliyobaki kwenye mtungi wako. Maji yakawa kama wino, mikono ikabaki vilevile. Ndipo nikaelewa ile alama ya kitini, na ule moshi kwenye kikombe. Mimi nilidhani ni moshi wa jehanamu, kumbe ni wa kazi yake tu.

Tumemzika makaburini, kwa sala zote. Cuda alitoka kanisani kwenda kujisaidia na hakurudi. Viatu vyake vimekutwa mlangoni, vimewekwa sambamba, vimejaa majivu hadi juu. Majivu yalikuwa bado ya moto.

Nilidhani yamekwisha. Leo barazani sauti imerudi palepale chini ya kiti, ingawa shimo ni tupu, nimeingia mwenyewe nikapapasa. Haisemi tena "Na iwe". Inasema neno moja tu.

"Nani?"

Anataka nini kwangu, Dada?

Hunfrith

*

Selnes, usiku wa kuamkia Mishumaa ya Bikira Maria

Hunfrith,

Siku nne sikugusa kalamu. Niliogopa ningeandika laana, na laana ya mtu aliyekulea haifutiki.

Kuua naweza kukuombea. Wafalme wengi wameua, na kanisa lina sala zake. Kicheko kile sijui nianzie wapi.

Unaniuliza anataka nini. Mtu akipiga hodi, mwenye nyumba huuliza, "Nani?" Hata mtoto anajua hivyo. Huyo mtu amekupigia hodi tangu mwezi wa machinjo. Amepiga kwa sauti, amepiga kwa mkono, amepiga kwa moshi. Wewe ulipodhani ni mtoto wa mfalme ulitetemeka. Ulipojua ni mchoma mkaa ulicheka. Hukuuliza yeye ni nani. Sasa swali ulilopaswa kuliuliza wewe, analiuliza yeye.

Jibu basi. Nenda Askholt kwa miguu yako mwenyewe, bila farasi na bila tarumbeta, ukatafute jina lake. Na mwenye jina ana mtu aliyempa.

Nami nimemwandikia Wilgar. Alikuwepo. Huenda anajua.

Tidburga

*

Kwa Wafaranki, wiki ya kwanza ya Kwaresima

Dada yangu mpenzi, wewe uliyenipa maziwa,

Kumbe kaka amekueleza. Sikutaka kukusumbua na mambo ya damu, ndiyo maana barua ya kwanza niliifunga kwa utani.

Unamuulizia yule mchoma mkaa. Sawa, nitakusimulia. Tulimkuta kwenye tanuri lake. Alikuwa na mkate na kipande cha jibini, na aliponiona natetemeka akaugawa mkate, nusu yangu nusu yake. Alidhani nina njaa. Cuda alinitazama juu ya kichwa cha kijana, nikaelewa. Nikamwambia kijana, "Ndugu, wewe una baridi, jaribu joho langu." Alifurahi! Aliligusa lile joho kwanza kwa kidole kimoja, kama watu wanavyogusa masalia. Akauliza kama masizi yake hayatalichafua. Nikasema hapana. Bizimu nilimfunga mwenyewe, maana hakujua inavyofungwa.

Usinichukie. Ilikuwa yeye au mimi, na mimi nilitaka kuishi. Wewe je, ungetaka nini?

Jina alinitajia, tena kwa heshima, kabla ya kula. Limenitoka. Lilikuwa jina fupi, la watu wa kawaida.

Nakuja na mikuki ya Wafaranki bahari ikitulia. Wazee wameshaniita. Mwambie Hunfrith akitunze kiti.

Jambo moja tu nikuulize, wewe unayejua dawa. Mvinyo wa huku ukifika mdomoni mwangu unanuka moshi. Wenzangu wanasema hawausikii. Itakuwa ni tumbo?

Wako,
Wilgar

*

Askholt, Kwaresima inakaribia kwisha

Dada,

Naandika juu ya gogo. Nimelipata jina.

Nilizunguka msitu kama mwombaji, nikiuliza kila penye moshi, "Nani wenu hakurudi?" Wengi walikimbia kabla sijamaliza swali. Wengine walinionea huruma wakanipa maji. Mwishoni nikafika kwenye kibanda cha nyasi chenye tanuri mbele yake, na mwanamke mzee anapepeta majivu.

"Hodi, mama."

"Mkaa umekwisha," akasema bila kugeuka.

"Sikuja kununua. Una mtoto wa kiume?"

"Ninaye."

"Yuko wapi?"

"Mbona unaniuliza mimi, na wewe ndiye uliyekuwa umemkalia?"

Nikamwambia mimi ni mfalme, kana kwamba lingenisaidia. Akasema, "Mfalme ni nani? Wa huko mnakokula nyama? Huku hatujamwona. Kaa hapo, usikanyage bakuli."

Kulikuwa na bakuli la uji wa shayiri chini, karibu na tanuri, na uji ulikuwa unapungua. Hakuna aliyekuwa anakula. Ulikuwa unashuka tu, polepole, kama maji kwenye mchanga.

Jina la mama huyo ni Bugga. Alinieleza kama anavyoeleza mtu habari za mvua. "Anakuja kila adhuhuri. Anasimama pale, kichwa chini. Namwita, hageuki. Nadhani kwa vile huko alikokuwa hakuna aliyemwita, amesahau kwamba ana jina."

"Anaitwa nani?"

Akanitazama mara ya kwanza. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Hwita. Yaani mweupe. Alizaliwa theluji inaanguka, mweupe kama yai. Halafu mkaa ukamla rangi." Akacheka kidogo. "Baba yake alisema nimemkosea jina. Nikamwambia ngoja akiogeshwa siku ya kuoa mtaona."

Jua lilipofika juu alikuja. Sikumwona anafika, Dada. Moshi wa tanuri ulisimama, na ndani yake kulikuwa na mabega. Bugga akaita, "Hwita!" Hakugeuka. Akaita tena. Akaniambia, "Haya, wewe sasa."

Nikasema, "Hwita."

Akageuka. Uso ulikuwa mzima. Uso wa kijana anayengoja kuambiwa jambo. Nikamwambia nilichomfanyia, na nilivyocheka. Alisikiliza hadi mwisho, kisha moshi ukawa moshi tu.

Nilimtolea Bugga dhahabu. Akaisukuma kwa mguu. "Hii inachoma mkaa? Nani atanilishia tanuri? Mlete kwanza. Mgongoni kwako, si kwa farasi."

Nimemfukua makaburini, nimemleta, mgongoni. Watu wa Hornmere walinitazama njia nzima na hakuna aliyenisalimu. Bugga alimwosha kwa maji ya kijito, na safari hii masizi yalitoka. Alikuwa mweupe kweli, kama theluji. Tumemzika hapa hapa.

Upanga wa baba nimeuacha juu ya kiti. Sirudi. Tanuri haliachwi peke yake. Moto ukipata pumzi unakula kila kitu, na bibi huyu hana macho ya kukesha.

Hunfrith

*

Selnes, baada ya Pasaka

Mdogo wangu Hunfrith,

Muuza mkaa ameniletea barua yako, na nimeilia. Sasa sikiliza haraka.

Wilgar ameshuka pwani. Hakuna mkuki ulioinuliwa kumzuia, kwa sababu kiti kilikuwa kitupu. Wazee wamemvika pete za baba. Alipita hapa akiwa njiani na akaomba maziwa, kama zamani. Watawa walilazimika kufungua madirisha, nguo zake zilivyonuka moshi. Alionja akatema.

"Kaka yuko wapi?" akauliza.

Nikasema sijui. Nimesema uongo nikiwa na msalaba kifuani.

"Siwezi kutawala na yeye yu hai. Watu watasema wana wafalme wawili." Ni hofu yako ileile, Hunfrith, kwenye mdomo mwingine.

Nikamwambia, "Jina ulilolisahau ni Hwita."

Akaweka kikombe chini. Mkono wake wa vidole vinne akaufuta kwenye nguo. "Usilitaje tena mbele yangu, dada."

Nikalitaja mara ya pili. Akatoka bila kuniaga.

Ametuma watu na mbwa waingie Askholt. Njoo Selnes. Mlango wa kanisa utakuwa wazi, na ndani ya kanisa hata yeye hatathubutu kukugusa. Njoo na Bugga. Njoo kabla hawajafika.

Dada yako,
Tidburga

*

Askholt, karibu na siku ya Mtakatifu Yohane

Dada,

Walikuja. Kumi na kitu, na mbwa, na mbele yao Wulfstan mwana wa Osmod, aliyekula mezani kwangu tangu ndevu hazijamwota. Nilikuwa juu ya tanuri nalifukia udongo. Sikuwa na pa kujificha, na nilichoka kujificha.

"We bibi," Wulfstan akamwambia Bugga, "huyu nani?"

"Mwanangu."

"Anaitwaje?"

"Ana mdomo. Muulize."

Akanisogelea. Aliniangalia usoni karibu kama nilivyo karibu na ngozi hii ninayoandikia. Nilingoja anitaje. Mbwa walininusa mikono, mbwa niliowalisha mimi, wakageukia kwingine.

"Jina?"

"Hwita," nikasema.

"Hwita, umemwona Mfalme Hunfrith huku?"

"Huyo alikufa."

"Wapi?"

"Ukumbini kwake, akiwa anacheka."

Wakaona ni mwendawazimu wa msituni. Wulfstan alinitupia kipande cha mkate, wakaenda zao.

Walipotoweka nilimshika Bugga mikono. Nikamshukuru kwa kunificha, nikamwambia amehatarisha shingo yake kwa ajili ya mtu aliyemuua mwanawe. Alinitazama kama asiyeelewa lugha.

"Kukuficha? Nani amekuficha? Uji wako unapoa, Hwita."

Nilidhani ni uzee. Kisha nikaenda kijitoni kunawa. Masizi hayatoki tena, hilo nimelizoea. Lakini begani nilikuwa na kovu la mkuki, lile uliloliosha wewe kwa siki huku unanigombeza. Nimelitafuta. Ngozi ni laini. Ndani ya maji nywele zangu ni nyeusi tii, na viganja vyangu vimekuwa vikubwa.

Sikuogopa, Dada, na hilo ndilo ninalotaka ulijue. Leo asubuhi nilijaribu kukumbuka jina la mama yetu ili nimwombee, sikulipata. Likaja la Bugga. Lako bado ninalo. Nimelitamka mara nyingi wakati naandika ili lisitoke.

Sitakuja Selnes. Huyo unayemngoja simfahamu tena vizuri, na tanuri jipya limeshika moto leo. Wilgar akikuuliza mwambie kweli, kaka yake hayupo. Usimchukie. Mwambie akitaka moshi uishe kikombeni, aje huku kwa miguu, aite. Nitageuka.

Samahani kwa alama za vidole kwenye ngozi. Bibi ananiita nikale, na adhuhuri hii hakuna mwingine anayesimama penye tanuri. Ni mimi tu.

Hwita, mchoma mkaa